Boksi la Mayai Lililolia

Rhonda, Nakuru

Baba mpendwa,

Natumaini mmeamka salama huko Wundanyi, na mguu wa Mama umepoa. Mimi ni mzima, cherehani inanilisha.

Mayai ya chiriku uliyonitumia yalifika. Nilipoingia ofisi ya vifurushi, mama wa kaunta alinitazama kwa mashaka.

"Dada, boksi yako inalia."

"Inalia aje? Ni mayai tu."

"Skiza mwenyewe."

Nikaweka sikio. Baba, lilikuwa linalia kweli. Nikafungua pale pale. Pamba uliipanga vizuri, kila yai kwenye shimo lake, hakuna lililopasuka safarini. Lakini moja lilikuwa limeanguliwa. Kifaranga uchi, kama haragwe, amefungua mdomo. Yule mama akaniambia boksi lilisafirishwa karibu na injini, penye joto. Mayai mengine nilipoyapasua nyumbani, vifaranga walikuwa ndani, wamekufa.

Huyo mmoja nilimbeba kifuani, nikamweka chini ya jike langu la chiriku, lile linalolalia mayai yasiyo na uhai. Jike likarudi nyuma, likamtazama. Kisha likamlisha. Mpaka leo yuko hai.

Nilichukua simu nikushukuru, halafu nikaiweka chini. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba yai la kusafiri huchukuliwa kabla mama yake hajalilalia, maana likishaanza kukua halivumilii njia. Kila yai ulikuwa ukilishika mbele ya tochi. Ukiona mishipa myekundu ndani, ulilirudisha kiotani. Haya hayakuwa na mishipa tu, Baba. Yalikuwa meusi ndani, yamebakisha siku moja au mbili. Mtu anayeona hawezi kupitwa na hilo.

Kwa simu ungecheka na kuniuliza habari za mvua, ndiyo maana naandika. Jumamosi nakuja tuende kwa daktari wa macho. Tafadhali usijifiche shambani.

Nisalimie kaka yangu na mkewe, na shangazi anayeuza mboga sokoni. Mwambie Mama nampenda.

Kama umeisoma barua hii mwenyewe, nigombeze nikifika. Kama ni Mama anayekusomea, basi nimeshajibiwa.

Bintiyo,
Wakesho