Nyuki wa Maktaba

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na wapwa zangu. Goti linaendeleaje? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio unaoumwa.

Uliniuliza kama bado nakwenda kwenye kile kikundi cha wasomaji ulichonisukumia. Nakwenda kila Jumamosi, chumba cha nyuma cha maktaba. Tuko saba, tunasoma vitabu vya mazingira tu: misitu, ndege, mito. Kiongozi wetu ni muuguzi mstaafu tunayemwita Bibi Miwani, maana ana mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado huuliza ziko wapi. Anasema nina sauti ya kusomea, basi kurasa ngumu zote huniangukia mimi. Kazi yangu wewe unaijua. Wao niliwaambia nafanya usafi wa majengo.

Majuzi tulikuwa katikati ya kitabu cha nyuki, na nyuki wenyewe wakahamia darini, juu ya chumba chetu. Wenzangu walifurahi kama waliopata wageni. Bibi Miwani akamtafuta mfugaji wa kuwahamisha, naye mfugaji akaahidi kuja Ijumaa. Lakini Alhamisi msomaji mmoja aliumwa shavuni, mkuu wa maktaba akaingiwa na hofu, akaita mpuliza dawa. Kufika adhuhuri nyuki walikuwa wakifagiliwa sakafuni kama majani ya chai.

Jumamosi hatukusoma. Mwenzetu mmoja, fundi viatu, alimlaani mpuliza dawa mpaka akakohoa. Wakakubaliana kumshtaki kwa barua, kalamu wakanipa mimi, eti nina mwandiko mzuri. Niliandika "mtu asiye na huruma". Wote wakatia sahihi, nami nikatia.

Dada, mtu huyo ni mimi.

Nilikuwa juu ya ngazi, nimevaa ovaroli na barakoa, uso wote umefunikwa. Bibi Miwani alikuja akanishika upindo wa suruali. "Baba, nakuomba, siku moja tu. Kesho wanahamishwa." Ningeweza kuahirisha. Nimewahi kuahirisha kazi kwa sababu ya manyunyu. Ila ningelazimika kumjibu, na sauti yangu anaijua. Nikatikisa kichwa, nikafungua pampu.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwake nikamweleza yote. Aliniuliza kitu kimoja tu: siku ile nilimsikia? Nikamwambia nilimsikia, kila neno. Akasukuma kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile barua, kumbe hajaipeleka. Akasema yeye hatanisemea wala hatanificha. Jumamosi nitawasomea wenzangu mwenyewe, kwa sauti, na nikifika kwenye "mtu asiye na huruma" niweke jina langu.

Kesho ndiyo Jumamosi. Barua iko hapa mezani, nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale narudi mwanzo.

Usiniandikie kunipoza, Dada. Nibusie wapwa, mwambie shemeji namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye kesho atakwenda