Bastola Ndani ya Cherehani

Ijumaa. Siku ya tisini na saba ya eda.

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ya huku ughaibuni isiyolowesha nguo lakini haimwachi mtu akauke. Nimekaa dirishani na mikono yangu bado inanuka chuma na mafuta. Nimenawa mara tatu.

Leo nilitoka nje.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yangu Hodan, wiki ya pili baada ya kumzika baba yake, ili nisikae nikiongea na kuta. Jina langu sikuliweka. Nikiandika haya ya leo, nashukuru sikuliweka.

Siku tisa zilizopita nilitaka kupinda mapazia. Mjane wa eda hana pa kwenda, basi anashona. Cherehani ni ya marehemu mama yangu, ilikuja kwa meli pamoja na masanduku yetu tulipohama kutoka Isiolo. Uzi ukakwama chini, nikakifungua kitako cha mbao nione. Ndani nikakuta soksi ya mwanamume, nzito. Nilijua kabla sijaifungua. Mkono una kumbukumbu yake.

Ilikuwa bastola ya Baba Hodan.

Ni fupi, inaenea kwenye kiganja, mtutu wake hauzidi kidole changu. Lakini tundu la mtutu ni pana, kidole kidogo kinaingia, na silinda yake inachukua risasi tano tu kwa jinsi zilivyo nene. Alikuwa nayo kwa leseni, enzi zile akinunua ng'ombe kule kaskazini na kurudi na pesa mfukoni. Ndugu yake aliuawa na majambazi kwenye njia hiyo hiyo. Sikumlaumu kwa kuwa nayo.

Tulipokuwa tunafunga mizigo nilimuuliza, "Na ile?"

"Nimeirudisha serikalini," akasema. Akaendelea kufunga kamba.

Miaka tisa nimeshona nguo ya shule, nguo ya Idi, na sanda yake mwenyewe, nayo bastola iko chini ya goti langu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba haikuwa na kutu hata chembe. Maana yake alikuwa akiifungua na kuipaka mafuta. Lini? Nilipokwenda madukani Alum Rock kununua nyama? Nilipolala? Nimejaribu kukumbuka siku ambayo alinuka mafuta ya mashine, lakini alifanya kazi kiwanda cha springi hapa mtaani Saltley, alinuka mafuta kila siku.

Nilifanya alivyonifundisha. Usiiamini hata ukiambiwa ni tupu. Sukuma kitufe, silinda itoke pembeni, uinue kwenye mwanga. Nikaona mashimo matano ya anga la kijivu na bomba la moshi la jirani. Kisha nikashtuka nikafunga pazia. Nyumba ya Waislamu, mtaa huu, miaka hii, mwanamke kasimama dirishani na bastola.

Alinifundisha mara moja tu, kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, mwaka wa kwanza wa ndoa. Alipanga makopo ya mafuta ya kupikia juu ya jiwe. Nilidhani kitu kidogo hivi kitakuwa na sauti ndogo. Nilipovuta kifyatulio, ile haikuwa sauti, ilikuwa kofi. Mikono ikaruka juu ya kichwa, moto ukatoka mdomoni mwa mtutu mchana kweupe, na mfupa wa kidole gumba ukauma hadi kwenye kiwiko. Kopo lilisimama pale pale. Nikalia.

Alicheka, kisha akaona machozi ni ya kweli akaacha. "Ni kama mimi tu," akasema, "fupi, na kelele nyingi." Akachana upindo wa kanga yangu, upana wa vidole vinne, akauzungusha kwenye mpini na kuukaza kwa fundo ili usinichubue. "Sasa ishike kama unamshika mtoto anayetaka kukimbia." Risasi ya tatu ikaangusha kopo. Tulirudi nyumbani masikio yakilia, kila mmoja akimwambia mwenzake "nini?" mpaka magharibi.

Kipande cha kanga kilikuwa bado kimefungwa pale. Rangi ya chungwa imegeuka kahawia. Baba Hodan mwenyewe hakukihitaji. Hakukitoa.

Mezani kulikuwa na kikaratasi cha polisi. Mwezi huu wanapokea silaha bila kumuuliza mtu, na mwisho ni leo Ijumaa. Baada ya hapo, redio inasema, kukutwa nayo ni miaka mitano jela. Nilikuwa nimekitupa mara mbili nikidhani ni tangazo la piza, na mara zote mbili kikarudi.

Kwa siku tisa sikujua la kufanya. Kupiga simu polisi waje? Gari lao likisimama mlangoni kwa mjane, mtaa mzima utakuwa na hadithi yake kabla ya adhuhuri. Kumtuma Hodan? Msichana wa miaka kumi na tisa, na hiyo ndani ya mkoba? Kutoka mwenyewe nikiwa kwenye eda? Nilimpigia Bi Sauda, anayetusomesha dini wanawake, ambaye huja kunitazama kila Ijumaa.

"Bibi, mjane anaweza kutoka mchana kwa haja?"

"Kwa haja, ndiyo. Haja gani mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mtume Hodan. Mguu wake mwepesi."

Nikasema ahsante nikakata simu. Ningemwambia nini?

Leo asubuhi Hodan hakwenda chuoni. Alikuja akakaa chini karibu na cherehani, akaweka mkono juu ya kile kitako cha mbao. Mtoto huyu namwongelesha Kiswahili tangu azaliwe, na tangu tuhamie huku hunijibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa Kiingereza chake, polepole, kwamba baba yake alimwambia hospitalini kule Edgbaston, siku mbili kabla ya kufa. Kwamba kuna kitu ndani ya cherehani, na mama yako asijue, ataogopa. Kile kikaratasi alikuwa akikiokota yeye kwenye taka na kukirudisha mezani.

Zaidi ya siku tisini na saba mtoto wangu amelala na jambo hilo peke yake. Na mume wangu alipokuwa anakata roho aliona mimi ndiye nisiyeweza kulibeba.

Nikaifunga bastola kwa taulo. Nikachukua kopo la biskuti nikaitia ndani.

Hodan alipanga saa. Saa saba na nusu, wanaume wote wako msikitini kwa sala ya Ijumaa na mtaa uko mtupu. Hakufikiria kwamba madereva nao wako msikitini. Ofisi ya teksi ilimtuma wa pekee aliyebaki, mzee wa Kisingasinga mwenye kilemba cha buluu. Tukafurahi. Huyu hatujui, hatumjui.

Kwenye gari kopo lilianza kugonga. Kila tuta, ko, ko. Hapo Hodan akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa mdogo. Ili dereva asielewe, alinigeukia akaniongelesha Kiswahili.

"Mama, hiyo bastola umeifunga vizuri?"

"Kwa taulo. Limefunguka."

"Iweke kwa miguu. Iko na risasi?"

"Haina. Nimeangalia kwenye mwanga."

Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kilikuwa na matamshi ya baba yake. Nilitaka aendelee, hata kama ni kuongea habari ya bastola.

Mzee akazima redio. Akatutazama kwenye kioo.

"Mama," akasema, "usiogope. Mimi iko mtoto ya Nakuru."

Alikuwa ameelewa yote. Hodan akanishika mkono. Gari likapita taa mbili za barabarani.

"Naona nguo yako, mama. Ni mzee amekufa?"

"Ndiyo, kaka."

"Pole sana. Hiyo kitu ilikuwa yake?"

"Yake."

"Basi sikiza. Mimi napaki karibu na mlango kabisa. Wewe usitembee nayo barabarani, hapana hata hatua kumi. Mimi nangoja." Kisha akaongeza, kama anayezungumza na usukani, "Baba yangu alikuwa na moja dukani. Kila mwizi alijua iko wapi isipokuwa yeye."

Hodan akacheka. Mimi pia. Kicheko cha kwanza tangu mazishi, nacho ndicho hicho.

Kituoni haikuchukua dakika tano. Kijana wa polisi alivaa glavu, akafungua kopo, akasukuma kitufe, akainua silinda kwenye taa na kutazama kupitia mashimo, vile vile kama Baba Hodan. Hakuuliza jina. Akaichukua kwa vidole viwili na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

Na kipande cha kanga juu yake.

Jana nilijaribu kulifungua lile fundo kwa kucha, kisha kwa sindano. Aliyelikaza alikuwa na nguvu, na mafuta ya miaka yote yamelifanya kama ngozi. Mkasi ulikuwa karibu nikashindwa kulikata. Pale kaunta nilitaka kusema, nipe hicho kitambaa tu. Kiingereza changu kinatosha kununua vitunguu na kumweleza daktari maumivu. Hilo sikujua linaanzia wapi. Hodan angelisema kwa pumzi moja, lakini sikumwambia Hodan, na mfuko ukafungwa.

Mzee wa Nakuru alikuwa anangoja. Hakuuliza kitu. Hodan alikaa karibu nami njia nzima, na tulipofika alirudi kwenye Kiingereza chake.

Mlangoni tulikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa. Mahamri, bado ya moto. Bi Sauda amekuja, amebisha, na mjane hakuwepo nyumbani.

Nimeitoa ile kanga kabatini. Imepungua upande mmoja, upana wa vidole vinne, na nyuzi zake bado zinaning'inia pale alipoichana. Sikuwahi kuipinda.

Kesho Bi Sauda atarudi kuchukua mfuko wake. Ataniuliza nilitoka kwa haja gani, na kesho ni siku ya tisini na nane, au sijui, labda kwa kutoka kwangu eda inaanza upya, ni ya kwanza. Nimwambie haja ilikuwa yangu, au ilikuwa yake yeye tuliyemzika?