Baba wa Binti Kamrukia Mteja Wangu

Wewe, bado niko mahakamani. Joho langu lina damu, na si yangu.

Tumeshinda ile rufaa ya mauaji. Jaji kasema mtu akikiri kosa kwa sababu ya kipigo, huo si ushahidi. Polisi hawakuwa na kingine, kwa hiyo mteja wangu yuko huru.

Tumetoka tu koridoni, baba wa yule binti aliyeuawa akamrukia. Yule mzee fundi cherehani, kesi nzima kakaa kimya benchi la nyuma. Kamgongesha uso ukutani. Kamgongesha tena, nikasikia pua ikivunjika. Nimeisikia kabisa, wewe.

Na mteja wangu hakuinua mkono. Askari walipokuja na virungu, akamkinga mzee kwa mgongo wake. "Msimpige. Mimi najua mnavyopiga."

Mzee akamwachia. Akamtazama damu inavyomchuruzika, akauliza taratibu, "Kama si wewe, nani kamuua mwanangu?"

Kisha akanigeukia mimi. "Wakili, nani?"

Sasa hivi mzee kakaa kwenye ngazi za mahakama, anauliza kila anayepita.