Mkalimani Aligeuka

Jumatatu, 14 Julai 2025
Karatasi arobaini na tatu za Kidato cha Nne, kalamu nyekundu mpya, chai ya maziwa ya Mama. Uchambuzi wa makala ya jarida. Na leo nina raha ya siri — makala yenyewe ni yangu! Niliiandika miaka kumi na miwili iliyopita, kabla sijawa mwalimu: Mama Graca wa kando ya Mto Ruvuma, anayelinda mpunga wake usiliwe na viboko. Jarida likaweka tu “Na Mwandishi Wetu”, kwa hiyo wanafunzi hawajui kitu. Sasa jarida linatimiza miaka ishirini, litaichapa tena pamoja na uchambuzi mmoja kutoka shuleni kwetu. Isaya, mwalimu wa taaluma, anataka bahasha yenye uchambuzi huo Jumatatu ijayo. Wa kuchagua ni mimi.

Sudi kaandika kwamba mwandishi ni “gwiji wa kugusa nyoyo”. Themanini na nane. Mtoto ana jicho huyu.

Jumanne, 15 Julai
Vania! Yule mkimya wa dirishani. Kurasa nne.

Sentensi ninayoipenda kuliko zote — “Mama Graca alijifunika uso kwa kanga, uchungu umemzidi, hata mkalimani aligeuka kuficha machozi” — kaipigia mstari. Anasema hakuna aliyelia. Mama Graca ni bibi yake mzaa mama. Mkalimani ni baba yake, Dercio. Yaani mtu na mama mkwe wake! Kwao mama mkwe hasemi mbele ya mkwewe, na mkwe hamtazami usoni. Bibi akajifunika, baba akageuka. Ni adabu tu. Majibu yote aliyatoa Dercio kichwani mwake, kwa kuona haya kumwambia mgeni ukweli. Na ile “Mto ni mume wangu wa pili” bibi hajapata kuisema.

Thelathini na nane. Pembeni nimeandika: “Chambua maandishi, si ukoo wako.” Nimesahihisha miaka tisa, najua kazi yangu.

Jumatano, 16 Julai
Thelathini na nane ni haki yake. Haya, lugha ni safi. Safi sana. Basi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimekumbuka. Dercio alikuwa mteja wa duka letu Mikindani. Marehemu Baba ndiye aliyemwomba anipeleke mtoni, naye angemkataliaje Mzee Nazarali? Tulipofika alikwenda kusimama nyuma ya kihenge cha mpunga, ametugeuzia mgongo, anapaza sauti kutoka huko huko. Mimi nikaona machozi kwenye mgongo wa mtu!

Nimemwita Vania. Alidhani anakuja kugombezwa, mikono nyuma. Nikamuuliza kama anaona mwandishi alidanganya.

“Hapana, Madam. Aliuliza vizuri, ila mbele ya mtu asiyefaa. Angekuja na mwanamke, bibi angesema mpaka jua lizame.”

Alama hakuzitaja. Heri angelalamika, ningejua pa kumkamatia. Nimeona aibu, naiandika hapa maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Ijumaa, 18 Julai
Isaya anataka niweke ya Sudi. Anasema sherehe haitaki mkosoaji, tena huyo Mwandishi Wetu akiisoma ya Vania atajisikiaje? Nikacheka mpaka akanishangaa.

Nyani haoni kundule. Langu nimeonyeshwa na binti wa miaka kumi na saba. Nimeikata thelathini na nane, nimeandika tisini. Kwa penseli, lakini.

Jumapili, 20 Julai
Niko Mtawanya, nyumbani kwa kina Vania. Bibi Graca kaletwa mjini kutibiwa macho. Dercio yuko shamba. Ndiyo maana tumechagua leo. Vania nimemwambia nataka kuhakikisha tu kabla ya kufunga bahasha. La zaidi sijamwambia. Nilikuja nikijiamini, kama kawaida yangu.

Tumekaa mkekani, wanawake watupu. Bibi hajajifunika. Anasema kwa Kimakonde, mikono hewani, Vania anatafsiri mbio mbio. Mto anauita mwizi: ulimlia shamba lote, mwaka uleule nilioandika. Viboko hakuwaogopa, alikuwa akiwatukana kwa majina ya mashemeji zake. Hapo tumecheka wote. Habari za kujaza daftari zima, na mimi niliondoka kule na sentensi moja ya uongo!

Nilipouliza kama anamkumbuka yule mwandishi, hakujibu Vania. Kasogea. Kanishika kidevu, kaugeuzia uso wangu mlangoni penye mwanga. Kasema maneno mengi, polepole. Kimakonde sikijui, ila jina moja nimelisikia wazi: Nazarali.

Vania hajatafsiri. Naandika hapa hapa, mikono ipate kazi. Bibi kajiegemeza ukutani, anatabasamu, ananisubiri. Bahasha iko mkobani, wazi, uchambuzi wa Sudi na wa Vania umelala pamoja.

“Madam,” kaniuliza Vania taratibu, “eti mzee wako ndiye aliyekuwa na duka Mikindani?”

Nimeutoa uchambuzi wake, nimeuweka gotini, tisini yake bado ya penseli. Sasa naitafuta kalamu nyekundu —