Genge la Vigga Kando ya Barabara

Kisiwani, 28 Agosti 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu na ngazi za huko ghorofani hazikuumizi kama mwezi uliopita. Sisi wazima, ila mimi usingizi nimeusahau. Nyumba ya wazee wamenipa zamu za alfajiri, na nikirudi nawakuta wa kwangu nao wanataka kulishwa na kuogeshwa. Mwanao Esben hajambo. Kazi hajapata bado tangu kiwanda cha makopo kifungwe. Anachelewa kuamka, kisha anashuka bandarini, anasema anaulizia kazi.

Hasa nakuandikia juu ya mjukuu wako. Mwalimu aliniita. Vigga anakaribia miaka tisa na saa hajui kusoma, na ukimtuma maziwa na noti ya hamsini anarudi na chenji yoyote aliyopewa, hata haitazami. Asipobadilika hadi Krismasi atarudishwa darasa la chini. Lakini mwalimu amewapa wote kazi moja: kila mtoto afanye hesabu ya kweli nyumbani, yenye saa na pesa ndani yake, na mwezi wa kumi na moja asimame mbele ya wazazi aieleze. Kuna anayeoka mikate na kupima muda. Kuna anayepanga safari ya familia kwa basi. Mimi nikasema, wangu ana genge mlangoni.

Basi lile genge letu la kando ya barabara sasa ni lake. Viazi kumi, vitunguu vitano, kopo la pesa limefungwa kwa mnyororo, na mtu achukue mwenyewe na alipe mwenyewe kama ilivyokuwa enzi zako. Asubuhi kabla ya shule anapanga mifuko. Akirudi anahesabu iliyoondoka na pesa zilizoingia, na hivyo viwili lazima vikubaliane. Nimemfundisha pia kutazama kivuko: kikitia nanga saa tisa, nusu saa baadaye magari yanapita kwetu, kwa hiyo mshale mrefu ukifika chini meza iwe imejaa. Sasa anakaa chini ya saa ya ukutani na kuitazama kama paka anayetazama shimo la panya.

Ana pia mteja wake. Ni Mirek, kibarua kutoka Polandi anayevuna kabichi kwa jirani yetu Palle. Anakuja na baiskeli kununua vitunguu, anatoa noti kubwa makusudi ili mtoto ahesabu, kisha anasimama amenuna akingoja chenji. Juzi Vigga alimpunja kroni mbili. Akamwambia, "Bosi, wanangu watalala njaa." Lugha yetu anaivunjavunja, lakini subira anayo kunishinda mimi.

Nisalimie jirani yako wa chini.

Mkweo,
Maiken


Horsens, 5 Septemba 1995

Mwanangu Maiken,

Marahaba. Mimi nipo, magoti ni yaleyale, na uzee haurudi nyuma. Nimefurahi kusikia habari za huyo mfanyabiashara wangu. Baba yake naye alichelewa kusoma saa, na hakuna aliyemuita bibi yake kumshitakia. Msimamie lakini usimkaze sana, mtoto si uzi.

Namfumia soksi za majira ya baridi. Nipimie mguu wake kwa kamba unitumie.

Esben usimsumbue sana. Mwanamume asiye na kazi ni kidonda, ukikigusa kila mara hakiponi. Anakula vizuri?

Mamako,
Gudrun


Kisiwani, 23 Septemba 1995

Mama,

Shikamoo, na habari za hali ya hewa ya bara. Huku upepo umeanza kung'oa vigae. Kamba ya mguu imo humu ndani, hiyo yenye fundo.

Sina habari njema. Wiki tatu sasa hesabu ya Vigga imekataa kukubaliana. Mwanzo nilidhani ni yeye. Nilimkalisha mezani nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu, akalia, akahesabu akiwa analia. Sikumruhusu kuinuka, nikidhani namfunza. Kisha nikakaa nikahesabu mwenyewe, na mtoto alikuwa sahihi. Mifuko inaondoka na pesa za karibu nusu yake hazipo.

Hakuna mtu wa kisiwani anayefikiria kwamba wa kisiwani anaweza kuiba kwenye genge, unatujua. Esben ndiye aliyekwenda uani kwa Palle akamwambia, "Vibarua wako wanapita pale kwangu kila siku." Palle hakuuliza mara mbili. Mtu alikuwa amemwona Mirek ameinama kwenye kopo letu saa sita mchana. Wakamwambia atoe vilivyomo mfukoni, akatoa sarafu za kumi na za tano, kama zilizomo mfukoni mwangu na mwako. Akasema alikuwa anaweka pesa ya vitunguu. Palle akamuuliza, "Mtu gani anakula vitunguu kila siku?"

Jioni ileile alipandishwa kivuko na begi lake. Mshahara wa wiki ya mwisho Palle ameuzuia. Gari lilipita hapa mlangoni, Vigga akapunga mkono, na yule bwana hakugeuka. Usiku mtoto akaniuliza watoto wake watakula nini sasa. Nilimwambia ule ulikuwa utani. Akasema, "Kwa hiyo hana watoto?" Nikamwambia alale. Anao.

Moyo wangu haujatulia, Mama. Esben alikuwa na haraka mno ya kunyoosha kidole. Wewe umemlea. Niambie kama nawaza vibaya.

Mkweo,
Maiken


Kisiwani, 20 Oktoba 1995

Mama,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ilikufika au ni magoti yamekuzuia kushuka posta. Nakuombea uzima. Huku miili ni mizima.

Wiki hii shule zimefungwa kwa likizo ya viazi, ile ya mavuno, Vigga yupo nyumbani kutwa. Kumbe pesa ziliendelea kupungua, Mirek akiwa kwao. Mimi nilijua na nilikuwa natafuta namna ya kulisema. Mtoto hakutafuta namna. Tangu Jumatatu amekuwa anahesabu kopo kila magari yakishapita, badala ya mara moja kwa siku. Asubuhi pesa na mifuko vinakubaliana. Baada ya chakula cha mchana mifuko iko vilevile na pesa zimepungua. Siku zote nne.

Jana jioni tulikuwa tunakula. Akaweka uma chini, akasema kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani, "Baba, ni wewe. Mama yuko kazini na hakuna gari lililosimama."

Nilingoja akane. Hakukana. Alipaka siagi mkate wake hadi pembeni, akasema, "Viazi vyangu, meza yangu, kopo langu. Mtu hajiibii."

Vigga akauliza, "Basi kwa nini Mirek alifukuzwa?"

Esben akacheka, akaniambia mimi, si yeye, "Huyu tumemsomesha kupita kiasi," akavaa koti akatoka. Mama, nilimfuata. Pale baa ya bandarini kuna mashine mbili za kamari. Alikuwa mbele ya ile ya dirishani, anailisha sarafu za mtoto moja moja, na mwenye baa akanitazama kwa huruma ya mtu aliyelijua siku nyingi.

Pesa zenyewe nimeshazisamehe. Kuna mtu amepoteza kazi na jina kwa ajili yetu, na hilo haliwezi kukaa hivyo. Baada ya wiki mbili Vigga anasimama mbele ya wazazi aeleze hesabu yake. Palle atakuwepo, mjukuu wake yuko darasa lile. Nataka kumwambia ukweli amrudishe yule bwana, au angalau ampe mshahara wake. Nataka Esben aseme mwenyewe. Wewe anakusikia. Nakuomba umwambie.

Mkweo,
Maiken


Horsens, 24 Oktoba 1995

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Ile ya habari za Mirek nilianza kuijibu, nikachana jibu.

Esben amenipigia simu, amelia kama mtoto. Ameniahidi ataacha. Nami nakuomba wewe, usimwage mtama penye kuku wengi. Kisiwa kile nakijua, nimekaa miaka arobaini. Wakilisikia hili hakuna atakayempa kazi tena, hata ya kufagia gati. Baba yake alikuwa vilevile, kwake ilikuwa karata. Mimi nilinyamaza, nikafua, nikapika, na nyumba ikasimama.

Yule Mpolandi keshapata kazi kwingine. Hao hawakosi. Mwambie mtoto alikosea kuhesabu. Ni mdogo, atasahau, na mwalimu atamwelewa.

Nakuandikia haya kwa sababu nakupenda.

Mamako,
Gudrun


Kisiwani, 11 Novemba 1995

Mama,

Shikamoo. Natumai baridi haijakuingia kifuani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Sikuweza kumwambia alikosea. Kwa kosa ambalo hakulifanya nilishamkalisha mezani akalia. Siwezi kumrudisha pale tena na safari hii nikijua. Wanasema mficha uchi hazai, na mimi nimekwisha kuzaa.

Esben nilimpa siku kumi aende kwa Palle. Kila jioni alisema kesho. Siku ya mwisho alishuka bandarini.

Kabla ya kuingia darasani nilimwambia Vigga asiseme uongo, na kwamba mambo ya baba yake ni yangu kuyasema, hesabu ni yake. Akasimama. Alieleza kivuko na nusu saa ya magari, alieleza chenji, hakukosea hata mahali pamoja. Alipofika penye upungufu akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aendelee. Akasema, "Pesa zilipotea. Watu walisema ni Mirek. Mirek akaondoka na pesa zikaendelea kupotea, kwa hiyo Mirek sikumpata kwenye hesabu." Akaketi. Hakumtaja mtu. Esben alikuwa nyuma kabisa karibu na makoti, na vichwa vyote viligeukia huko. Mwalimu akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Nje kwenye ngazi nilimshika Palle mkono nikamwambia yote kwa jina. Hakushangaa. Alisema keshachukua vibarua wengine hadi theluji. Nikamwambia basi mshahara wa wiki ile. Akasema, "Nimpelekee wapi, Maiken? Jina la ukoo wake hata kuliandika sijui." Nikamwambia msimu mzima alimlalisha bandani kwake na jina hakuuliza. Akasema mimi nina la kushughulikia nyumbani kwangu. Na kweli.

Vigga hatarudishwa darasa. Mwalimu amemwandikia sifa, nimezikunja nikaweka kabatini. Gengeni hakuna anayesimama tena. Magari yanapunguza mwendo, watu wanatazama dirisha letu, wanaongeza mwendo.

Esben hakunipiga, usifikirie hivyo. Alimwinamia mtoto akiwa anavaa viatu vya shule, akamwambia polepole, "Umemuuza baba yako kwa viazi." Vigga hakula siku ile wala ya pili. Sasa ukimuuliza ni saa ngapi anasema hajui. Saa iko mbele yake na anasema hajui.

Mimi nimevumilia mengi, hilo sikulivumilia. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na nane, tunavuka mimi na yeye kwa kivuko cha asubuhi. Nimepata kazi ya usafi hospitalini Odense, tutaanzia kwa dada yangu. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sitaki uchague kati yetu na mwanao. Lakini tutakuwa gati la bara saa nne, basi letu linaondoka saa nne na nusu. Ukija umkumbatie tu, umwambie hana kosa. Mimi nimemwambia na haamini. Wewe ni mama wa baba yake, akilisikia kwako litaingia.

Mkweo bado,
Maiken


Horsens, 23 Novemba 1995

Mwanangu Maiken,

Najua mmefika salama, ninyi na mizigo yenu, maana nilikuwepo.

Nilitoka na basi la kwanza. Nilifika kabla ya kivuko, nikasimama nyuma ya kibanda cha tiketi kwa sababu ya upepo, halafu upepo ukatulia na mimi nikabaki palepale. Nikawaona mnashuka. Amerefuka. Ulimfunga skafu mara mbili. Alikuwa anatazama kila mwanamke mzee aliyepita, na wewe ulikuwa unamwambia kitu, nadhani ulimwambia angoje kidogo. Kisha ukamuuliza ni saa ngapi, na akainua uso kwenye saa ya gati, akakujibu. Sikusikia alisema nini. Ila mlibeba mabegi na mkaenda kwenye basi, kwa hiyo alisema kweli.

Ilikuwa hatua chache tu, Maiken. Nilikuwa na soksi mfukoni. Nilijiambia nikitoka nitalazimika kumwambia mtoto yule kwamba baba yake ndiye mkosaji, na kinywa changu hakijawahi kulisema hilo kuhusu mwanamume yeyote wa nyumba yangu. Basi likaondoka wakati bado najiambia.

Nilikuwa nimepanga nije Odense Jumapili niseme. Haitawezekana. Esben amehamia kwangu tangu juzi. Amelala chumba cha mbele akiwa na viatu miguuni. Kopo langu la pesa za umeme nimelihamishia kwa jirani wa chini.

Usinijibu, mwanangu. Yeye ndiye anayeshuka asubuhi kuchukua barua.

Bibi yake Vigga,
Gudrun