Amri Namba Saba

Tampere, 4 Agosti 2008

Mdogo wangu Aila,

Habari za Nurmes? Goti lako je? Mimi mzima, ila siku hizi tumbo linatangulia mlangoni, mwenyewe nafuata.

Nakutumia sidii yenye mfumo mpya wa kompyuta. Humo mna kazi yangu ya mwaka mzima: kiendeshi, kile kipande cha mfumo kinachozungumza na diski. Programu haziruhusiwi kuigusa diski zenyewe. Hukitajia kiendeshi namba ya amri, nacho kinatii. Namba nimezipanga upya. Saba ilikuwa ya kuuliza joto la diski, na sidhani kama kuna anayeitumia tena. Nimeipa amri mpya ya kufuta diski nzima, ili mtu akiuza mashine asiuze na siri zake.

Jarmo, mwenzangu wa meza ya pili, akanuna. “Urpo, namba ya marehemu haipewi mtoto mchanga. Hujui nani bado anamwita.”

“Jarmo bwana, wewe hata soksi iliyotoboka huitupi!”

Ofisi nzima ikacheka. Hata mimi nilijicheka, maana yangu nayo ilikuwa imetoboka.

Kaka yako,
Urpo

Nurmes, 9 Agosti

Shikamoo kaka mwenye tumbo,

Goti huuma mvua ikikaribia tu, yaani kila siku. Mfumo mpya nimeshauweka.

Jumamosi ijayo mwaka unatimia tangu Mama atutoke. Watu watakuja kunywa kahawa, nami nitawasikilizisha sauti yake akiita ng'ombe kwa ule wimbo wake, zile rekodi zote nilizomchukua malishoni. Kwingine hazipo. Ulinifungia diski mbili zenye vitu vilevile, moja ikifa nyingine ibaki, Mungu akubariki.

Ila mashine inavuma kama birika. Nikirudi kutoka kuchuma beri keshokutwa, nitaiwasha ile programu uliyoniandikia zamani, iniambie diski zina joto gani.

Mdogo wako,
Aila

Ujumbe wa simu, 11 Agosti

Aila USIIWASHE! Programu ile inataja saba! Niliiandika mwenyewe, nikaisahau mwenyewe. Chomoa waya ukutani. Napiga tangu asubuhi hupokei. Nimempigia mpaka mchungaji wa kanisa. Kaka

Nurmes, 12 Agosti

Kaka,

Simu ilikuwa mezani, mimi niko kwenye beri. Niliporudi nilianzia kwenye mashine, nikaiwasha ile programu.

Programu iliuliza diski ya kwanza, kisha ya pili, kama ulivyoifundisha. Skrini ikaandika: “Amri imetekelezwa.” Mara mbili. Nikasema, joto gani hili lisilo na namba? Ndipo nikausoma ujumbe wako.

Beri zimemwagika sakafuni na sijaziokota. Hakuna kitu, Urpo. Hata mkwaruzo wa sauti yake. Usinipigie.

Aila

Tampere, 14 Agosti

Mdogo wangu,

Sithubutu kukuuliza hali. Mganga hajigangi, lakini mimi nimeua na mgonjwa. Nilikupa diski mbili, kisha nikaziwekea sikio moja.

Nimewauliza wanaofufua diski. Wamesema amri yangu inafuta vizuri mno. Jarmo hakunisimanga; alinimiminia kahawa, akaketi nami, na hilo ndilo lililonivunja. Saba tumeirudisha kwenye joto. Haitapewa mwingine tena.

Kaka yako, kama bado unanihesabu,
Urpo

Nurmes, 17 Agosti

Kaka Urpo,

Jana watu walikuja. Nikawaambia ukweli, kahawa ikapoa vikombeni. Jirani Hilkka akasema, “Basi ita wewe.”

“Mimi? Mama Hilkka, mimi nikiimba hata paka anahama.”

“Ahame. Ita!”

Nikatoka uani nikaita kama Mama. Nilifika nusu, nikakwama. Ng'ombe wa Hilkka ng'ambo ya uzio wakaendelea kula. Mmoja tu, yule mzee aliyekuwa wetu, aliinua kichwa akasimama hivyo hivyo.

Ile sehemu ya mwisho, inayopanda juu, Mama alikuachia wewe ulipokuwa mtoto. Panda basi la Ijumaa. Sijakusamehe, utalala chumba cha sauna. Ila njoo na koo lako.

Asubuhi hii nimechungulia dirishani. Yule ng'ombe mzee yuko pale pale kwenye uzio.

Mdogo wako,
Aila