Siwema Hayupo, Aliyepo ni Sharifa

Bukoba

Mdogo wangu Mama Sharifa,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba jina la utotoni likishaachwa unyagoni, binti akapewa jipya, limekufa. Nyumbani limekufa, ndiyo. Kwenye karatasi li hai, na ndilo linaloitwa. Unisamehe kutanguliza hilo kabla ya salamu. Kifua chako kimetulia, au vumbi bado linakusumbua? Mimi huku kwa mwanangu ni mzima, ila mvua hazikatiki, na ndizi nimezila mpaka naota ugali wa muhogo.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Mara tatu nimepiga nikamtaka mwanao, mara tatu nikaambiwa ameenda kuchota maji. Najua taabu ya maji ya Kitangari, lakini mtoto gani huyo asiyerudi na ndoo?

Mara ya mwisho alipokea shemeji Athumani. Akanieleza kwamba majina ya waliomaliza kidato cha sita yametoka, ya kwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, na Siwema Athumani yumo. Kisha akacheka. Karani mmoja wa Masasi amemwandikia barua ya kumpelekea mtendaji wa kijiji, kusema Siwema hayupo nyumbani humo, aliyepo ni Sharifa.

"Si uongo, shemeji," akasema. "Siwema tulimwacha unyagoni. Wamwite nani?"

"Na vyeti vyake mliviacha huko huko?"

Akasema mtandao unasumbua. Nami nilikuwa nasikia hadi kuku wenu wakiparua.

Hebu fikiri, mdogo wangu. Tangu darasa la kwanza mtoto ameandikwa Siwema. Baba akiandika kwamba Siwema hayupo, siku Sharifa atakapofika chuoni na vyeti vya Siwema ataulizwa kamwibia nani. Na ushahidi utakuwa mwandiko wa baba yake mzazi.

Halafu huyo karani. Watu wote huwatoza, ninyi kawaandikia bure. Tena nasikia ana mdogo wake anayetafuta mke. Sina ushahidi. Lakini binti aliyepoteza vyeti huozwa upesi, na anayelijua hilo zaidi ni mtu wa makaratasi.

Sisemi jeshini ni patamu. Zamu yangu ilipofika nilijifunga bendeji mguuni. Mganga wa kambi aliponiuliza mguu upi unauma, nikamwonyesha ule mwingine. Nikalima mahindi mpaka mikono ikaota sugu. Kama mtoto anaumwa, kuna daktari wa kumpima. Kama anaogopa, aiseme hofu yake kwa jina lake. Lakini sijasikia mtu aliyemuuliza. Hata mimi mjomba wake sikuulizwa, na kwetu mjomba si mgeni wa kuja kula pilau tu.

Shemeji aliponyokwa na neno moja, kwamba mtendaji hagongi muhuri mpaka mama naye atie sahihi. Ndiyo maana barua hii ni yako wewe, si yake.

Nisalimie mama mdogo wa Makote, na yule shangazi wa Mnyambe anayenidai kanga. Shemeji naye msalimu. Sina ugomvi naye, nina mashaka tu.

Ni mimi kaka yako, Mwalimu Selemani. Leo hii nenda kwa mtendaji, umwambie kwa kinywa chako kwamba Siwema ni mwanao na yupo.